Mazoea Mema ya Mwili na Roho

Mwanadamu ana mwili na roho, lakini si vitu viwili vilivyofungwa pamoja kama mizigo miwili juu ya punda. Ni mtu mmoja. Mwili ukiugua, sala huwa nzito; na roho ikilegea, mwili nao huachwa kama shamba lisilo na mwenyewe. Kwa hiyo, atunzaye kimoja na kukiacha cha pili hajajitunza.

Jambo hilo alilijua sana Mtakatifu Benedikto, aliyezaliwa Nursia, katika nchi ya Italia, karibu na mwaka 480. Alijenga monasteri juu ya mlima wa Monte Cassino, akawaandikia watawa wake Kanuni yenye sura 73. Humo siku nzima imegawanywa: saa za kusali, za kazi ya mikono, za kusoma, za kula na za kulala. Ishara ya sala ikisikika, kila mtawa huacha mara moja alilo nalo mkononi, akaenda kanisani. Wala mwili haukusahauliwa. Kanuni yaagiza wagonjwa wapewe chumba chao na mtu wa kuwauguza, nao watunzwe mbele ya mambo mengine yote, maana awahudumiaye amhudumia Kristo. Wazee na watoto wasibanwe na ugumu wa chakula, bali waruhusiwe kula kabla ya saa. Tena kazi ikizidi, chakula chaweza kuongezwa.

Wabenedikto walifika Peramiho, karibu na Songea, mwaka 1898, na Ndanda, karibu na Masasi, mwaka 1906. Mahali pote pawili palijengwa kanisa, shule na hospitali. Hivyo watu waliona kwa macho yao ya kuwa dini iponyayo roho haidharau mwili.

Basi, nguvu ya mazoea ni nini? Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mema, na hivyo hivyo kwa mabaya. Mfano wake ni safura. Minyoo ya safura hukaa matumboni mwa mtu na kumnyonya damu. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi. Yakiangukia udongo wenye unyevu na kivuli, huanguliwa, na minyoo michanga isiyoonekana kwa macho hungoja mguu mtupu upite. Ikipenya ngozi, huchukuliwa na damu hata mapafuni, kisha hufika tumboni na kukaa humo miaka. Mtoto aliyepatwa hupungukiwa damu, huchoka upesi, husinzia darasani na kanisani. Watu humwita mvivu, kumbe ni mgonjwa! Huyo hahitaji kemeo. Ahitaji kupelekwa kwa mganga wa hospitali apewe dawa.

Tena yafaa kutazama ugonjwa huo ulikotoka. Mtu mmoja aliona choo ki mbali, akaenda kichakani. Mguu uliopita pale baadaye haukuwa wake. Ulikuwa wa mtoto wa jirani. Basi, kutumia choo kila siku, na kuvaa viatu, si mambo ya usafi tu. Ni kushika amri ya Mungu, maana amri ya tano yatuagiza kulinda uhai, wetu na wa wenzetu.

Mtoto mwenye akili huyafunga mazoea ya mwili na ya roho pamoja, ili moja likumbushe jingine. Aamkapo hufanya Ishara ya Msalaba na kumtolea Mungu siku yake. Ndipo hunawa uso na kupiga mswaki. Kabla ya kula hunawa mikono kwa maji na sabuni, kisha hubariki chakula. Kengele ya Malaika wa Bwana iliapo adhuhuri, huweka jembe au kitabu chini, husali, na mwili nao hupumua kidogo. Jioni huosha miguu, huchunguza dhamiri na kusali sala za usiku. Mwisho huteremsha chandalua na kuchomeka pindo zake, kwa sababu mbu waenezao malaria huuma zaidi usiku.

Wako watu wakosao kwa njia mbili. Mmoja husali ili apone, lakini hukataa dawa. Huyo amjaribu Mungu, aliyewapa wanadamu akili ya kutafuta dawa. Mwingine hutunza mwili peke yake, akasahau ya kuwa mwili wenye afya hata mwizi anao. Kanisa lapita katikati. Laagiza kufunga chakula saa moja kabla ya Komunyo Takatifu, lakini maji na dawa haviuvunji mfungo huo. Sheria ya kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu yawabana waliotimiza miaka 18, hata waanzapo mwaka wa 60. Watoto ambao miili yao ingali ikikua hawamo.

Shuleni ni rahisi kushika hayo yote, maana kengele hulia na mwalimu hutazama. Siku za likizo ndizo zipimazo. Nyumbani hakuna kengele; maji yako mbali kisimani, na ndugu wadogo hutazama afanyalo mkubwa wao. Mtoto anawaye mikono na kusali hapo, bila kuitwa na mtu, mazoea yamekuwa yake kweli. Nao wadogo wake watayafuata kabla hawajajua kusoma.

Maswali

1. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto yaagiza nini juu ya wagonjwa?
2. Minyoo ya safura huingiaje mwilini?
3. Kwa nini kutumia choo ni kumpenda jirani?
4. Taja mazoea mawili ya mwili yawezayo kufungwa pamoja na sala.