Shamba la Anathothi: Masomo ya Uvumilivu (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulikuwa na Ayubu. Leo tumfuate Yeremia, sura ya 32, maana alichokifanya pale watu wa Goma hawahitaji kuelezwa mara mbili.

Ni mwaka wa kumi wa mfalme Sedekia. Wababeli wameuzingira Yerusalemu, na Yeremia amefungwa katika uwanja wa walinzi kwa kosa la kutangaza kwamba mji utaanguka. Anakuja binamu yake Hanameli: ninunulie shamba langu la Anathothi. Anathothi iko nje ya kuta, huko huko anakotamba adui. Dalali yeyote angecheka. Yeremia anapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, anaita mashahidi, anatia sahihi. Hati ni mbili, moja imefungwa kwa muhuri na nyingine iko wazi. Anamwagiza Baruku azitie katika chombo cha udongo, zipate kudumu.

Kumbuka, mnunuzi ndiye huyo huyo aliyesema mji utaanguka. Hajidanganyi hata kidogo.

Goma nako wanaijua hali hiyo. Volkano ya Nyiragongo ilipopasuka tarehe 17 Januari 2002, moto ulikata katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu. Ulifunika sehemu ya njia ya ndege, ukateketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Watu kwa maelfu walivukia Gisenyi, Rwanda. Siku chache baadaye wengi walikwisha kurudi, jiwe lingali na joto, kila mtu akitafuta kiwanja chake kilikolala. Alama zote zilikuwa zimezikwa. Ilibidi jirani akumbuke mpaka wa jirani. Mawe meusi yakapangwa kuzunguka parseli, na juu yake zikapigiliwa nyumba za mbao. Mlima ulipopasuka tena tarehe 22 Mei 2021, hao hao walifunga mizigo, na katika mizigo ya wengi hati ya kiwanja na diploma za watoto zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, chombo cha udongo cha siku hizi.

Wahubiri huiita hiyo imani, nami sipingi. Ila wengi wao huishia kwenye hati ya Yeremia. Ukiendelea kusoma utamkuta Yeremia akiomba, na ombi lake ni la mtu aliyeshangaa: Bwana, maboma ya adui yamefika ukutani, nawe waniambia ninunue shamba? Ameshalipa, na bado anauliza. Kwa hiyo mtu aliyelala katika kambi ya wakimbizi ya Bulengo, kisha Februari 2025 akaambiwa aondoke kambini na kurudi kijijini kusiko na nyumba, asihubiriwe kunyamaza. Wala aliyefungiwa benki waasi wa M23 walipoingia Goma Januari ya mwaka huo, akiba yake ikabaki namba tu kwenye karatasi huku unga ukidaiwa nyumbani. Kulalamika mbele za Mungu ni sehemu ya sura yenyewe.

Tena Yeremia hakulima shamba lile, kwa kadiri Biblia inavyosimulia. Mji ulianguka, na walionusurika wakamchukua kwenda naye Misri. Lakini Ezra, akiorodhesha waliorudi kutoka Babeli, anawataja watu wa Anathothi: 128. Safari yao tutaisoma juma lijalo.