Usiisubiri sindano ya jeni

Wagonjwa wanaojiandaa kupasuliwa wananiuliza swali lilelile: "Daktari, ile sindano ya jeni inayoondoa maumivu inafika lini, nisubiri?" Usisubiri. Kwa kidonda cha upasuaji haipo, na hata ingekuwepo nisingekuchoma.

Watu wanaamini kwamba ukizima maumivu yote umepona. Jeni inayotajwa ni SCN9A, inayotengeneza mlango wa sodiamu ambao mishipa ya fahamu huutumia kupeleka taarifa za maumivu. Mwaka 2006 watafiti walieleza familia 3 kutoka kaskazini mwa Pakistan zenye watoto ambao jeni hiyo haikufanya kazi tangu kuzaliwa. Wote walikuwa na majeraha ya midomo au ndimi, kwa kujing'ata. Wengine walivunjika mifupa bila kujua. Mvulana aliyesababisha uchunguzi uanze alijipatia riziki mitaani kwa kujichoma visu mikononi na kukanyaga makaa ya moto. Alikufa kabla ya kutimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya paa. Sitaki tena kusikia mtu akiita hiyo bahati.

Chukua mama aliyejifungua kwa upasuaji. Siku ya tatu maumivu yanarudi, tumbo linakuwa gumu. Ni maumivu hayo yanayomfanya amwite muuguzi kabla usaha haujasambaa. Ukiyazima, nani atatuambia?

Utafiti wenyewe ni mzuri. Mwaka 2021, huko San Diego, panya walidungwa kwenye uti wa mgongo virusi vilivyobeba kifaa cha kufifisha jeni hiyo bila kuikata, na nafuu ikadumu miezi. Lakini maumivu makali ya mshono kwa kawaida hupungua ndani ya siku chache. Tiba ya miezi ningewatakia kwanza wale ambao kidonda kimefunga na maumivu yamebaki, kama baadhi ya waliokatwa mguu au titi.

Yaliyopo leo: mweleze daktari wa usingizi mapema kama una vidonda vya tumbo, pumu au shida ya figo. Paracetamol meza kwa saa ulizopangiwa, usingoje uzidiwe. Diklofenaki ni kwa ushauri wa daktari. Ulizia ganzi ya mishipa. Mofini ya siku chache, kwa kipimo, usiikatae kwa woga. Marekani iliidhinisha suzetrigine Januari 2025, kidonge kinachoziba mlango wa jamii hiyohiyo bila kugusa jeni. Na maumivu yakizidi badala ya kupungua, mwite muuguzi saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.