Kelele za kompyuta mpya zisikilizwe kabla waranti haijaisha

KWA mwenye duka la pembejeo au karani wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), siku ya kuingiza kompyuta ofisini ni siku kubwa. Hesabu za mizani zinatoka kwenye madaftari na kuingia ndani yake, madeni ya mbolea yanapangwa, na malipo ya wakulima yanaanza kutolewa kwa karatasi iliyochapwa.

Baada ya siku mbili tatu baadhi ya wanunuzi hugundua jambo ambalo hawakulisikia dukani. Kompyuta inanguruma, meza inatetemeka, na mara nyingine kuna mlio wa kukwaruza unaokuja na kuondoka. Dukani haukusikika kwa sababu mtaa wenye honi, jenereta na muziki humeza sauti ndogo. Ofisi tulivu yenye sakafu ya saruji na kuta tupu huifichua.

Wengi hapo huchagua moja kati ya mambo mawili: ama wanaizoea, ama wanamwita fundi wa jirani aje na bisibisi. Anayeizoea huacha muda wa waranti upite, na ubovu ambao ungekuwa juu ya muuzaji unahamia mfukoni mwake. Anayemwita fundi mapema huchana ile stika ambayo maduka mengi huibandika juu ya skrubu za kasha, na stika ikishachanika muuzaji amepata pa kujifichia.

Kwa masikio kelele hiyo haina hatari. Wataalamu wa afya kazini huanza kuonya sauti inapofika desibeli 85 kwa saa nane za kazi, na kompyuta ya kawaida haikaribii hapo. Hatari iko kwenye kumbukumbu zilizohifadhiwa ndani.

Chukua mfano wa chama chenye wakulima 300, kila mmoja akileta mzigo kwenye mizani mara sita katika msimu. Hizo ni hesabu 1,800. Karani akitumia dakika moja tu kuingiza kila moja upya, atahitaji saa 30, yaani karibu siku nne za kazi, na hapo tunadhani kwamba stakabadhi zote zipo. Zile zilizolowa mvua au kuliwa na panya hazitaingizwa na mtu, na kila moja ni mkulima atakayefika ofisini akidai kilo ambazo hakuna anayeweza kumthibitishia wala kumkatalia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kugusa skrubu yoyote, ni kunakili mafaili yote ya kazi kwenye flashi au diski ya nje, na kuyafungua kwenye kompyuta nyingine ili kuhakikisha yanasomeka. Nakala isiyojaribiwa haina tofauti na risiti ambayo wino umefutika.

Ndani ya lile kasha ambalo wengi huliita CPU, vitu vinavyotembea ni vichache. Kuna feni ya prosesa, feni ya pawa saplai, pengine feni moja au mbili za kasha lenyewe, kifaa cha kusoma DVD na, katika kompyuta zisizotumia diski ya chipu, diski kuu ambayo mafundi huiita hadi diski. Karibu kila mlio unatoka kwenye mojawapo ya hivyo.

Diski kuu ya kompyuta ya mezani mara nyingi huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa kila sekunde. Mtikisiko wake huingia kwenye bati la kasha, bati likaupeleka kwenye meza, na meza nyepesi ya mbao yenye droo tupu ikafanya kazi ya ngoma. Mara nyingi kinachosikika ni meza, siyo kompyuta.

Njia ya kujua haina gharama. Kompyuta izimwe kabisa, maana haifai kuhamishwa diski ikiwa inazunguka, kisha iwekwe sakafuni juu ya mkeka uliokunjwa na kuwashwa. Mngurumo ukipungua sana, mkosaji ni meza. Vipande vinne vya tyubu kuukuu ya baiskeli, vilivyokunjwa mara mbili na kuwekwa chini ya pembe za kasha, hutosha kuukata. Isiachwe sakafuni moja kwa moja, kwani huko ndiko liliko vumbi, na ndiko maji ya kupigia deki yanakopita.

Jaribio la pili ni la kiganja. Mlio ukikatika pale ubavu wa kasha unapobanwa taratibu kwa mkono, hilo ni bati au skrubu iliyolegea. Kompyuta iliyosafiri kutoka Kariakoo kwenye buti la basi, kupitia matuta na barabara za vumbi, haishangazi ikifika na skrubu zilizojilegeza.

Fundi wa magari hutega bisibisi ndefu sikioni ili ajue ni sehemu gani ya injini inayogonga. Kwenye kompyuta chuma kisitumike. Karatasi ngumu iliyoviringishwa kama bomba, upande mmoja sikioni na mwingine ukipitishwa polepole mbele ya matundu ya kasha, huonyesha kama mlio unatoka nyuma juu au chini, ambako kwa kawaida ni kwenye pawa saplai, au ubavuni kwenye prosesa, au mbele kwenye diski.

Sauti zenyewe zina lugha yake. Mvumo mkubwa wa sekunde chache wakati wa kuwasha, kisha utulivu, ni kawaida kwa kompyuta nyingi, kwa kuwa feni huanza kwa nguvu kabla ya kudhibitiwa. Mvumo unaopanda na kushuka kulingana na kazi ni feni ya prosesa ikifukuza joto. Kukwaruza kwa mpigo mmoja usiobadilika mara nyingi ni waya unaoguswa na mapanga ya feni. Mlio mwembamba kama wa mbu, usiobadilika hata kasha likibanwa, kwa kawaida hutoka kwenye koili za umeme, nao hukera bila kuleta madhara.

Sauti ya kuogopwa ni ile ya "ta, ta, ta" kutoka kwenye diski, hasa ikija na kompyuta kuganda. Hapo kama nakala ipo, izimwe na irudishwe dukani. Kama haipo, yanakiliwe mafaili muhimu zaidi kwanza, mizani na madeni, na picha za sherehe zisubiri.

Uhusiano wa diski na mtikisiko si hadithi ya mafundi. Mwishoni mwa mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg, wakati huo akiwa na kampuni ya Sun Microsystems, alionyesha kwenye video jinsi diski zinavyochelewa kufanya kazi pale mtu anapozipigia kelele kwa mdomo. Septemba 2016, benki moja mjini Bucharest, Romania, ilikwama kwa saa kadhaa baada ya jaribio la mitambo ya kuzimia moto kutoa sauti kali iliyoharibu diski zake. Ofisi nyingi za mazao hazina mitambo hiyo, lakini zipo zilizopakana na mashine ya kusaga. Kompyuta yenye diski ya kuzunguka isiegemezwe kwenye ukuta mmoja na mashine hiyo. Unga unaopeperuka nao una habari yake, kwani huganda kwenye feni, feni ikaelemea upande na kuanza kutetema.

Swali jingine ambalo wanunuzi hawaliulizi ni kama kompyuta hiyo kweli ni mpya. Feni inayolia siku ya kwanza huenda ina beringi iliyokwishachoka katika ofisi nyingine, kisha kasha likasafishwa na kuwekwa kwenye boksi jipya. Diski kuu huhesabu yenyewe saa ambazo imewashwa, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo huionyesha hesabu hiyo. Mwaka mzima una saa 8,760. Diski ya kompyuta "mpya" yenye saa 9,000 imeshawaka zaidi ya mwaka, na hapo mazungumzo na muuzaji yanabadilika. Idadi ndogo pekee haitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu mwaka 2025 iliripotiwa Ujerumani kwamba diski zilizotumika ziliuzwa kama mpya baada ya hesabu hiyo kufutwa. Idadi kubwa, hata hivyo, haina maelezo mengine.

Yapo makosa yanayofanywa kwa nia ya kupunguza kelele. Kompyuta hufungiwa kabatini, au hufunikwa kitambaa cha kudarizi kama redio ya sebuleni. Hewa inakosa njia, joto linapanda, feni inaongeza mwendo na kelele inazidi ile ya mwanzo. Wengine huchomoa waya wa feni. Prosesa nyingi za sasa hujipunguza kasi zenyewe joto linapokaribia nyuzi 100, na kisha kompyuta hujizima, pengine katikati ya malipo. Kuifungua pawa saplai ndilo kosa baya kuliko yote, maana huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani. Feni ya humo ikilia, pawa saplai yote ibadilishwe, na kama waranti ipo, abadilishe muuzaji.

Waranti ikiwa imekwisha, feni ya kasha ndiyo rahisi kubadili. Inafaa kulipa zaidi kidogo kwa feni ya milimita 120 badala ya ya milimita 80, ilimradi kasha lina nafasi yake, kwa kuwa feni kubwa hupitisha hewa ile ile kwa mwendo mdogo. Mwendo ukipungua nusu, kelele ya feni ile ile hushuka kwa karibu desibeli 15, na kwa sikio la kawaida kushuka kwa desibeli 10 tu husikika kama nusu. Diski ya chipu nayo haina kinachozunguka, hivyo huondoa mtikisiko wake wote. Ila ikifa hufa kimya, bila ile "ta, ta, ta" ya kuonya, kwa hiyo habari ya nakala iko pale pale.

Kwa walio ndani ya waranti, karatasi ndiyo nguvu yao. Mashine za kielektroniki za kutolea risiti zilianza kutumika Tanzania mwaka 2010, lakini risiti iliyoandikwa "kompyuta 1" haisemi ni kompyuta ipi. Muuzaji aombwe kuandika aina na namba ya kifaa, muda wa waranti, na kama feni imo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka anayefanya biashara ya bidhaa fulani auze zenye ubora unaokubalika sokoni, lakini haimkingi mnunuzi kwa kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuibaini. Aliyeikagua dukani kwa hiyo asitosheke na kioo na kibodi, akaomba pia iwashwe mahali penye utulivu kwa nusu saa.

Mlio urekodiwe kwa simu na tarehe ya kwanza kusikika iandikwe, kwa sababu kompyuta ina tabia ya kunyamaza ikifika kwa fundi. Kabla ya kuirudisha, namba za simu na za akaunti za wanachama ziondolewe baada ya kunakiliwa, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamwajibisha aliyezikusanya. Kisha kasha lifungwe kwenye boksi lake la awali na, likiingia kwenye basi, lilazwe ubavu wenye bodi kuu ukiwa chini, ili feni nzito ya prosesa isining'inie kwenye matuta njia nzima.