Haki ya Dada Aliyebaki Shamba

Ifikapo Desemba mabasi yaendayo Kilimanjaro, Kagera na Mbeya hujaa mpaka mtu akakosa pa kuweka kikapu chake. Wafanyakazi wa mijini warudi kwao kula sikukuu, na kwa kuwa ndugu wote wamekusanyika, mambo yaliyolala mwaka mzima huamshwa: kaburi la kujengewa, posa ya kujibiwa, na zaidi ya yote, shamba la marehemu baba. Kikao cha ukoo huitishwa. Wanaume huketi mbele, na kaka aliyetoka Dar es Salaam au Mwanza, kwa sababu ana kazi na ndiye aliyegharimia jeneza, hupewa neno la kwanza. Dada aliyebaki kijijini, aliyemwuguza baba na kuipalilia migomba ile miaka yote, huwa jikoni akiwapikia wajumbe.

Makala haya yamhusu dada huyo, pamoja na mjane wa kijijini na kijana asiye na shamba. Lakini yameandikwa kwa ajili ya huyo kaka. Tumezoea kuzungumzia haki za akina mama wa vijijini kana kwamba adui yao ni mzee mmoja aliyejifunika blanketi na kushika mila za kale. Ukichunguza migogoro mingi utaona sivyo. Mara nyingi anayetaka shamba ligawanywe haraka, au liuzwe, ni mtu wa mshahara, mwenye deni la mjini, ambaye hajashika jembe tangu amalize shule. Mzee wa blanketi huitwa tu kuja kutaja mila inayomfaa huyo bwana.

Azimio la Arusha, mwaka 1967, lilikiri waziwazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na siku za sikukuu. Jasho halikuwa na mabishano. Mabishano yalikuwa, na bado yapo, juu ya nani aandikwe mwenye mali. Mke huchuma kahawa, huimenya, huiosha na kuianika. Kisha magunia hupelekwa chama cha msingi kwa jina la mume, kwa kuwa shamba lajulikana kuwa la mume, na malipo huingia mkononi mwake au katika akaunti yake. Hakuna sheria ya ushirika inayomkataza mke kuwa mwanachama kwa jina lake mwenyewe. Kinachomzuia ni swali moja analoulizwa dirishani: shamba lako liko wapi?

Shamba ni la nani?

Mwaka 1963 Serikali ilitangaza sheria za mila za urithi kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, ili mahakama ziwe na jambo moja la kufuata. Warithi wakapangwa katika madaraja matatu. Daraja la kwanza ni la mtoto wa kiume mkubwa wa nyumba ya kwanza, la pili ni la watoto wa kiume wengine, na la tatu, la chini kabisa, ni la mabinti. Mjane mwenye watoto hana fungu. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama alivyowatunza. Maneno hayo yapendeza kuyasikia, mpaka siku watoto wanapokataa.

Si kila mahali mambo yako hivyo. Uluguruni ardhi hupita upande wa mama. Kwa Waislamu mirathi ina mafungu yaliyokwisha pimwa, na binti hakosi fungu lake, ingawa wengi wanajua jinsi fungu linavyoweza kutajwa mbele ya sheikh na lisikabidhiwe kamwe. Lakini katika sehemu kubwa ya nchi hesabu ya mwaka 1963 ndiyo iliyokaa vichwani mwa watu, hata mwa wale wasiojua kuwa iliwahi kuandikwa.

Hapo ndipo tunapokutana na Bibi Holaria Pastory wa wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, ambaye kesi yake husomwa katika vyuo vya sheria nchini. Alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, kwa wosia halali. Alipoona uzee umemfikia na hana wa kumtunza, aliliuza mwezi wa Agosti 1988 kwa shilingi 300,000. Mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Siku ya pili yake tu, mtoto wa ndugu yake alifungua madai katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo: aweza kuitumia maisha yake yote, lakini kuiuza hawezi. Yatupasa kuuangalia upesi huo wa siku moja. Wa kumtunza bibi hakuonekana. Wa kulitunza shamba alionekana kesho yake asubuhi.

Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia kijana, ikabatilisha mauzo, ikamwamuru bibi arudishe fedha. Mahakama ya Wilaya ikaitengua hukumu hiyo. Kijana akakata rufani Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwezi wa Februari 1990 Jaji Mwalusanya akatoa hukumu ambayo kila mwenye dada angefaa kuijua. Alisema kwamba Katiba yetu, baada ya kuingizwa Haki za Binadamu mwaka 1984, inakataza ubaguzi, na kwamba mila inayomruhusu mwanamume kuuza na kumzuia mwanamke inapingana na Katiba hiyo. Tangu hapo mwanamke aweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume.

Hukumu hiyo ina jambo jingine linalosahauliwa na wanaoisimulia. Jaji hakuung'oa ukoo. Mila ya Kihaya inawapa wanaukoo nafasi ya kulikomboa shamba lililouzwa kwa mgeni, na nafasi hiyo aliiacha. Kijana alipewa miezi sita alipe shilingi 300,000 alichukue shamba. Akishindwa, shamba liwe la mnunuzi. Kwa maneno mengine, anayeona uchungu na ardhi ya ukoo auoneshe uchungu huo kwa fedha yake, si kwa kumnyima ajuza chakula cha uzeeni.

Hata hivyo, hukumu moja haikuwafikia wote. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, waliofukuzwa katika nyumba zao na ndugu za waume zao, walizipinga sheria za mila mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kuwa sheria hizo zina ubaguzi lakini ikasita kuzifuta, na rufani yao ikakwama baadaye kwa sababu ya dosari ya kimaandishi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, iliamua kwamba haki za wajane hao zilivunjwa. Waliondoka makwao wakiwa na watoto wadogo. Uamuzi ulipotolewa watoto hao walikuwa wamekua.

Ardhi ya kijiji

Nyenzo iliyo karibu zaidi na mwananchi wa kawaida si Mahakama Kuu wala Umoja wa Mataifa. Ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sheria hii yasema bayana kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Baraza la ardhi la kijiji, ambalo kazi yake ni kupatanisha, lina wajumbe saba na watatu kati yao hawana budi wawe wanawake. Tena sheria imeweka hatimiliki ya kimila, hati inayotolewa na halmashauri ya kijiji, na yenye nguvu sawa na hati nyingine.

Katika hati hiyo jina la mke laweza kuandikwa pamoja na la mume, na jina la dada pamoja na la kaka. Hapa ndipo ndugu wa mjini anapoweza kusaidia au kuharibu. Vijiji vingi hupimiwa mashamba kwa mpango mmoja, katika majuma machache, na wapimaji wanapofika shambani huuliza jina. Anayekuwapo hutaja jina alilozoea kulitaja: la baba aliyekufa, au la kaka mkubwa aliyeko mjini. Dada anayelilima husimama kando ameshika ncha ya kamba. Simu moja kutoka mjini yatosha kuweka majina mawili badala ya moja. Kuyarekebisha baadaye, hati ikishaandikishwa, ni safari ndefu ya wilayani.

Msiba ukitokea, mambo huenda kasi zaidi. Kikao cha ukoo huchagua msimamizi wa mirathi, huandika muhtasari, na muhtasari huo hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Wengi huudhani kuwa hukumu. Si hukumu. Ni mapendekezo, na hakimu hafungwi nayo. Mahakama hutoa tangazo, na mjane, binti au yeyote mwenye haki katika mali hiyo aweza kuweka pingamizi. Aweza pia kuomba usimamizi yeye mwenyewe. Msimamizi naye si mrithi wa yote. Yeye ni mtumishi wa warithi, na hutakiwa kuirudishia mahakama hesabu ya kila alichokusanya na alivyokigawa. Kaka aliyeteuliwa na kuondoka na funguo za nyumba hajamaliza kazi yake. Ndiyo kwanza ameianza.

Kwa mke aliyeachika, Mahakama ya Rufani ilisema neno kubwa mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Iliamua kwamba kazi za nyumbani, kupika, kufua na kulea, ni mchango katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa, kwa mujibu wa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ajabu ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwani mahakama iliona alikuwa amezitapanya fedha alizopewa na mumewe aanzishe biashara. Wanawake wengine wamekula matunda ya mti alioupanda.

Vijana na fungu la kumi

Kijana wa kijijini hulalamika kwamba hana ardhi kwa kuwa baba yake bado yu hai, na baba hulalamika kwamba kijana hataki kilimo. Wote wana haki kidogo. Lakini kijana akishatimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na anaweza kuiomba halmashauri ya kijiji ardhi kwa jina lake. Mahali ambapo ardhi ya kijiji bado ipo, wanaoipata mara nyingi ni wale wanaoujua mkutano huo utakaa lini.

Kisha kuna mikopo. Tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, kila halmashauri ya wilaya au mji yatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha, baada ya kuonekana vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, ikairejesha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi hewa havikubuniwa na akina mama wa vijijini. Kikundi hewa chahitaji mtu ajuaye kuandika katiba, kufungua akaunti na kujaza fomu kwa lugha ya ofisi, na huo ni ujuzi wa watu walio karibu na ofisi. Kikundi cha kweli cha akina mama kumi wanaofuga kuku kilomita 40 kutoka makao makuu ya wilaya hukwama hapo hapo. Basi mwalimu, karani au mhasibu anayekwenda likizo anaweza kuwafanyia kazi ya siku mbili: kuwaandikia katiba ya kikundi, kuwaonesha jinsi ya kuweka daftari la mapato, na kuwapeleka kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Kijana wa kijijini uliye naye nyumbani

Yuko kijana mmoja wa kijijini ambaye msomaji hana haja ya kupanda basi ili amwone. Ni msichana wa kazi. Amka alfajiri uone nani amekwisha washa jiko. Watu wanaozungumza kwa uchungu juu ya haki za wanyonge humwita binti huyu "mtoto wetu wa nyumbani", na kwa jina hilo tamu mshahara wake husahauliwa miezi mitatu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamhusu kama inavyomhusu karani wa bandarini. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi. Kima cha chini cha mshahara wa kazi za nyumbani huwekwa na Serikali kwa amri. Ana haki ya mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na likizo ya siku 28 yenye malipo kwa mwaka. Sahani iliyovunjika haigeuki kuwa mshahara wa nusu mwezi kwa hasira ya mama mwenye nyumba.

Mshahara huo ni wake. Desturi ya kumwekea "tutakupa wakati wa kuondoka" humfanya asiweze kuondoka, na desturi ya kuutuma wote kwa baba yake humfanya afanye kazi miaka minne bila kumiliki hata mbuzi. Alipwe mkononi au katika simu iliyoandikishwa kwa jina lake, mwisho wa mwezi, naye atie sahihi katika daftari. Akitaka kuwatumia wazazi atawatumia. Baba akipiga simu kutaka fedha zitumwe kwake moja kwa moja, aambiwe kwa heshima kwamba mwenye mshahara yupo, na apewe simu azungumze naye mwenyewe.