Jinsi bendi za Migori na Homa Bay zinavyomuenzi gwiji wa benga, D.O. Misiani

MWANAMUZIKI Daniel Owino Misiani alifariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu mnamo Mei 17, 2006. Hata hivyo, nyimbo zake zingali zinasikika katika harusi, matanga na michango kwenye kaunti za Migori na Homa Bay.

Bendi za benga zinazotumbuiza katika hafla hizo humchukulia kuwa mwalimu, ingawa baadhi ya wapigaji wake wa gitaa walikuwa bado watoto alipoaga dunia.

Misiani alizaliwa mwaka wa 1940 huko Shirati, mkoani Mara, Tanzania, kusini tu mwa mpaka wa Migori. Wajaluo huishi pande zote mbili za mpaka huo. Katika miaka ya 1960 alivuka na kuingia Kenya, akaanzisha bendi iliyokuja kujulikana kama Shirati Jazz. Jina la kwao likaenda naye.

Ili kuelewa namna bendi inavyomuenzi mtunzi wa aina hii, ni sharti kwanza kuelewa benga yenyewe. Katika muziki huu, gitaa la solo huiga nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane. Hujibizana na mwimbaji huku besi ikisikika waziwazi. Mwimbaji anaponyamaza, magitaa hushika kasi na watu hujaa uwanjani kucheza. Sehemu hiyo ndiyo humpima mpigaji.

Mafunzo hayo hupatikana kwa kusikiliza. Zamani wimbo mrefu uligawanywa katika pande mbili za santuri. Baadaye zikaja kaseti, na siku hizi kijana huurudia wimbo kwenye simu hadi vidole vyake viuzoee.

Bendi ikishaushika wimbo, huufanya kuwa wa mahali ilipo kupitia pakruok, desturi ambapo msikilizaji hutoa pesa, muziki ukakatizwa, naye akajisifu au akamsifu mwenzake. Kwa njia hiyo wimbo wa miaka mingi iliyopita hubeba majina ya walio hai.

Ugumu umo katika maneno. Misiani alitumia mafumbo, hadithi za Biblia na visa vya wanyama kuwasema wakubwa. Mojawapo ya nyimbo zake, Bim en Bim, maana yake ni 'nyani ni nyani'. Alikamatwa nchini Kenya zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake. Mwimbaji asiyejua fumbo lilimlenga nani huhifadhi sauti na kupoteza ujumbe. Ndiyo maana wazee waliozisikia nyimbo hizo zilipotoka wana kazi ya kuwafafanulia vijana.

Jambo la pili ni haki ya mtunzi. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya muziki hulindwa kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Kwa tungo za Misiani, ulinzi huo utadumu hadi mwisho wa mwaka 2056. Hivyo basi, nyimbo zake zinapopigwa hadharani, wenye haki, wakiwemo warithi, wanapasa kunufaika kupitia vyama vya kukusanya mirabaha.

Katika hafla za mashambani, ni nadra mtu kuandika orodha ya nyimbo zilizopigwa. Bila orodha, ni vigumu kugawa mirabaha kwa haki, na sifa anazomiminiwa marehemu jukwaani haziifikii familia yake kwa namna yoyote ya kuisaidia.

Kiongozi wa bendi anaweza kuanza na mambo mawili yasiyo na gharama: kulitaja jina la mtunzi kabla ya wimbo kuanza, na kuandika wimbo huo daftarini baada ya kuupiga.