Begi Jepesi la Shule: Lipimwe Kabla ya Kununuliwa

Kila mwezi Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, maduka ya mjini Bariadi na meza za wauzaji wa minadani hujaa mabegi ya shule ya rangi nyingi, mengine yenye picha za katuni. Wazazi wengi huuliza bei. Ni wachache wanaouliza uzito. Hata hivyo, mtoto anayekwenda shule kwa miguu, iwe ni Binza wilayani Maswa au pembezoni mwa mji wa Bariadi, huubeba uzito huo mgongoni kwenda na kurudi, siku tano kwa wiki. Katika makala haya tunaeleza namna ya kumchagulia begi lisilomchosha wala kumwumiza, pamoja na haki za mnunuzi.

Uzito unaofaa

Wataalamu wengi wa afya ya watoto hushauri kwamba mzigo wa mgongoni usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Mtoto wa kilo 20 asibebe zaidi ya kilo 2 hadi 3. Wa kilo 30, kilo 3 hadi 4 na nusu. Kiasi hicho ni cha vitu vyote pamoja: begi lenyewe, vitabu, madaftari, chakula na maji. Begi tupu lenye kilo moja na nusu limekwisha kuchukua nusu ya kiwango cha juu cha mtoto wa kilo 20 kabla hajatia hata daftari moja.

Mkulima wa pamba wa Simiyu hakabidhi pamba yake bila kuiona ikipimwa. Tunamwomba autendee mzigo wa mwanawe vivyo hivyo. Muuza nafaka au nyama ana mizani. Begi lenye vitu vya siku moja lipelekwe hapo likapimwe.

Maji nayo yasisahauliwe, kwani lita moja ina uzito wa kilo moja. Mtoto wa kilo 30 anayebeba dumu la lita 5 amekwisha kupita kiwango kabla hajavaa begi, na mkono mmoja ndio unaoelemewa. Jambo hilo lafaa kuzungumzwa katika kikao cha wazazi na walimu.

Mambo ya kukagua dukani

Ukubwa. Wazazi wengi hununua begi kubwa ili mtoto alikulie. Begi la namna hiyo hualika mzigo mkubwa, nalo huning'inia na kumvuta nyuma, naye hulazimika kuinama mbele. Lisiwe pana kuliko mgongo wake, wala lisishuke chini ya kiuno. Inapowezekana, mtoto aende dukani alijaribu.

Mikanda. Iwe miwili, mipana, yenye sponji, na iweze kurefushwa na kufupishwa. Mkanda mwembamba hukata mabega. Mtoto afundishwe kuvaa yote miwili.

Mshono na zipu. Vuta mkanda pale unaposhikana na begi, kwani hapo ndipo mabegi mengi hukatikia. Mshono wa mahali hapo uwe umerudiwa. Fungua na ufunge zipu mara kadhaa.

Kitambaa. Kitambaa kizito si lazima kiwe imara. Nailoni nyepesi iliyoshonwa vizuri hudumu, na isiyopenyeza maji huyaokoa madaftari wakati wa mvua.

Mwanga. Kwa mtoto anayepita kando ya barabara kuu alfajiri, tafuta begi lenye mistari inayoakisi taa za magari.

Asiyemudu begi jipya asione haya kununua la mtumba au kumpelekea fundi cherehani la zamani aliimarishe. Vipimo ni vile vile.

Haki ya mnunuzi

Dai risiti na uitunze. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Ukiambiwa kwamba begi haliingizi maji, kisha likalowesha madaftari siku ya kwanza ya mvua, lirudishe pamoja na risiti. Tangazo la ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi halimpi muuzaji ruhusa ya kumdanganya mteja. Msipoelewana, malalamiko yaweza kupelekwa Tume ya Ushindani.

Mwisho, begi jepesi likijazwa ovyo huwa zito. Kila jioni mzazi na mtoto waitazame ratiba ya kesho na kuondoa visivyohitajika. Kazi hiyo haigharimu hata shilingi moja, na mtoto atafika darasani akiwa na nguvu za kujifunza.