Fidla na vanishi yake (Sehemu ya Pili): Spiriti ikae mbali

Wiki iliyopita tuliishia kwenye nyuzi na vigingi. Leo tushuke kwenye ubao wenyewe, maana swali wanaloniuliza zaidi wanakwaya wa Makoko na wenzao wa Musoma mjini ni hili: ule unga mweupe ulioganda chini ya nyuzi unatolewaje?

Unga huo ni ulimbo wa upinde, unaotengenezwa kwa utomvu wa msonobari. Bila huo, nywele za upinde zingeteleza tu juu ya uzi na sauti isitoke. Ukifutwa siku hiyohiyo kwa kitambaa kikavu cha pamba, unatoka wote. Ukiachwa wiki kadhaa, joto na jasho huugeuza ukoko unaonata, na hapo ndipo mtu hukimbilia spiriti, au mbaya zaidi, tina ya seremala.

Asichokumbuka ni kwamba vanishi nayo kwa kawaida ni utomvu wa miti. Mwaka 2009 watafiti walioongozwa na Jean-Philippe Échard, wa jumba la makumbusho ya muziki la Paris, walitangaza walichokiona kwenye ala tano za fundi Antonio Stradivari: mafuta yanayokauka, yaliyochanganywa na utomvu wa miti ya jamii ya msonobari. Kwa hiyo dawa inayong'oa ulimbo haitajua isimame wapi. Tena ziko fidla nyingi ambazo vanishi yake iliyeyushwa katika spiriti tangu mwanzo. Kuzisugua kwa spiriti ni kuirudisha vanishi koponi.

Pwani yetu nayo imo katika habari hii. Karne ya 19, sandarusi (utomvu wa miti ulioganda) iliyofukuliwa ardhini huko Mrima ilipitia Unguja hadi Salem, Marekani, ikasafishwa na kuuziwa watengeneza vanishi. Sandarusi ya kale ni ngumu ajabu: lazima ipikwe kwanza kwa moto mkali ndipo ikubali kuchanganyika na mafuta ya kitani. Vanishi ya namna hiyo huvumilia mengi, lakini kwa kuitazama tu huwezi kujua fidla yako imepakwa ipi. Basi zote zitendee kana kwamba ni ile laini.

Kitambaa kikavu kikishindwa, kilowanishe kidogo, ukikamue hadi kisiache hata tone, jaribu mahali pasipoonekana, kisha kausha papo hapo. Mbao za fidla zimeshikanishwa kwa gundi ya ngozi, na gundi hiyo huachia ikipata maji. Ukoko uliokaa miaka mwachie fundi. Vumbi la ndani, ambalo Makoko halikosekani msimu wa kiangazi, hutolewa kwa mchele: mimina konzi moja ya mchele mbichi mkavu kupitia matundu ya sauti, tikisa taratibu, umwage. Utashangaa kinachotoka.

Jua la Musoma ni adui mwingine. Ndani ya gari lililofungwa vanishi hulainika, na kitambaa cha sanduku huacha chapa yake mgongoni mwa fidla.

Sasa majeraha. Mkwaruzo mwepesi usiofika kwenye mti uache. Hata pale bega la fidla lilipolika kwa kuguswa na kiganja miaka mingi, huo ni uzee, si ugonjwa. Fundi ataweka utando mwembamba wa kuzuia jasho, basi. Seremala hodari wa makabati asipewe kazi hii. Atapiga msasa, apake vanishi nene ya samani, na sauti ibanwe. Polishi za kupuliza pia ziepuke: nyingi zina silikoni, na silikoni ikiingia kwenye ufa, gundi na vanishi mpya hazishiki tena.

Ufa ndio wa kuogopa. Gonga taratibu kwa kifundo cha kidole kuzunguka ukingo. Ukisikia mtetemo wa kukwaruza, huenda mti umepasuka au kiungo kimeachia. Legeza nyuzi kidogo, zote kwa pamoja, bila kuzifungua kabisa, ili kijiti cha ndani, kinachoshikiliwa na mkazo wa nyuzi, kisianguke. Usiguse gundi ya dukani inayokauka papo hapo. Fundi hataweza kuifungua bila kuumiza mti. Vibanzi vilivyobanduka, hata vidogo, viweke kwenye bahasha ndani ya sanduku, uviandikie vilitoka wapi.

Wiki ijayo: nywele za upinde.